Mama Aliyempisha Kila Mtu

Wasikilizaji wapendwa, habari za Jumapili. Najua ibada zimekwisha, na wengi wenu mko jikoni sasa hivi, redio iko dirishani na viazi viko motoni. Endeleeni na kazi zenu. Kelele za sufuria hazinisumbui. Ila fungeni bomba kidogo, maana leo nawaletea habari za mtu wa kwetu.

Jumatano iliyopita, saa sita mchana, tulimpoteza Arlys Vondra. Bi Arlys Vondra, mpishi wa shule yetu ya Prosek. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Jana tumemzika kando ya mumewe, Leland, kule makaburini juu ya kilima, upepo ukivuma kama kawaida yake na wazee wakishika kofia kwa mikono miwili.

Kama ulisoma Prosek na hujafika miaka sitini, umekula chakula cha mkono wake. Siku ya Alhamisi ilikuwa siku ya maharage ya nyama yenye pilipili, na kando yake mkate wa mdalasini, laini, wenye sukari juu. Watu wa majimbo mengine hutushangaa tukila vitu hivyo viwili kwenye sahani moja. Waacheni washangae. Hawakumjua Bi Arlys.

Alikuwa na tabia moja ambayo wengi hatukuielewa tulipokuwa tunapanga foleni ya chakula. Kila alipoona mtoto amekaa pembeni bila sahani, hakumuuliza kitu. Alimwita tu jikoni. "Njoo unionjee mchuzi, mwanangu. Leo pua yangu imeziba, sijui kama chumvi imekolea." Mtoto alionja sahani nzima. Mwaka ule mvua ya mawe ilipopiga mahindi ya upande wa kaskazini, pua ya Bi Arlys iliziba tangu Septemba mpaka shule ilipofungwa.

Lakini wasikilizaji wapendwa, watu wengi nje ya Prosek hawamkumbuki kwa mikate. Wanamkumbuka kama yule mama aliyekwenda mji mkuu wetu, Lincoln, kwenye Bunge la jimbo, kutetea chumba cha uzazi cha hospitali yetu, akajikuta amekaa kwenye kiti cha wapinzani. Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia. Nitaisimulia taratibu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa haraka.

Ilikuwa majira ya baridi, miaka kumi na tano sasa. Bi Arlys alikuwa amestaafu na Leland alikuwa ameshafariki. Hospitali yetu ndogo ilikuwa imetangaza kwamba chumba cha uzazi kitafungwa ifikapo kiangazi. Watoto wanaozaliwa ni wachache, walisema, na wakunga ni ghali. Mama mwenye uchungu angelazimika kwenda mji mwingine, mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa kavu. Nanyi mnajua barabara yetu hukauka miezi mingapi.

Huko Lincoln seneta mmoja alikuwa ameleta muswada. Soda na peremende zianze kutozwa kodi ya mauzo, na fedha hizo ziende kwenye vyumba vya uzazi vya hospitali za mashambani. Kumbukeni hilo: kodi ya soda kwa ajili ya vyumba vya uzazi. Bi Arlys aliposikia, alivua aproni akasema, "Nitakwenda kuwaambia."

Tatizo lilikuwa usafiri. Tangu alipoanguka akavunjika kifundo cha mkono, alikuwa haendeshi gari kwenye barafu. Na mtu pekee wa Prosek aliyekuwa anakwenda Lincoln siku hiyo alikuwa Merle Tiedtke, mwenye duka letu la vyakula. Naye Merle alikuwa anakwenda kuupinga muswada huohuo.

Merle alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja ya kweli. Duka lake liko karibu na mpaka wa jimbo jirani la Colorado. Kodi ikipanda huku, mtu huvuka mpaka kununua soda, na akishavuka hununua mkate na nyama hukohuko. Duka likifa, Prosek itabaki bila mahali pa kununua hata yai. Merle alimpigia simu Bi Arlys mwenyewe, akamwambia, "Kuna nafasi kwenye pikapu yangu. Tutaondoka alfajiri. Vaa soksi mbili."

Huyo ni jirani, wasikilizaji. Mimi nimeishi hapa maisha yangu yote, na bado namshukuru Mungu kwa jirani wa namna hiyo.

Safari ni ya saa nne na zaidi. Bi Arlys alipanda na kapu kubwa magotini, limefunikwa kitambaa, likinukia mdalasini.

"Naona nimembeba bondia wa upande wa pili kwenye gari langu mwenyewe," alisema Merle.

"Usiogope, mwanangu. Nitakupiga polepole."

"Na hiyo mikate ni ya nani?"

"Ya watu watakaokuwa wanangoja zamu."

"Hata wapinzani?"

"Hasa wapinzani. Mtu akipinga na njaa, hupinga vibaya."

Merle alicheka mpaka akapunguza mwendo. Joleen, binti ya Bi Arlys, ameniambia kwamba safari nzima mama yake hakumwambia Merle hata neno moja kuhusu duka. Alimuuliza tu habari za magoti ya mama mzazi wa Merle.

Sasa, wale ambao hamjawahi kufika, utaratibu wa Lincoln ni huu. Kila muswada husikilizwa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuketi mbele ya maseneta akasema. Kwanza huitwa wanaounga mkono, wote. Wakiisha, huitwa wanaopinga. Kila mmoja ana dakika tatu, na mezani kuna taa. Kijani, sema. Njano, jiandae. Nyekundu, basi. Wanaounga mkono kwanza, wanaopinga baadaye. Mlango mmoja ukifungwa haufunguliwi tena.

Chumba kilijaa siku hiyo. Mwenyekiti akaita wanaounga mkono. Bi Arlys akasimama. Nyuma yake alikuwa mama kijana aliyebeba mtoto mchanga. Bi Arlys akageuka.

"Pita, mwanangu. Pita wewe kwanza. Mtoto ataamka."

Akaketi. Akasimama tena. Safari hii alikuwa daktari, anatazama saa. "Pita wewe kwanza, daktari, una wagonjwa." Akaketi. Akaja mzee mwenye mkongojo. "Pita, baba, usisimame muda mrefu." Akaja mwalimu aliyeacha darasa lake kwa mwenzake. Akaja mkunga. Akaja mkulima aliyekuwa na ng'ombe wanaozaa nyumbani. Bi Arlys akawapisha wote. Sisi huku ndivyo tulivyolelewa. Weka watu wanne wa Prosek mbele ya mlango mmoja, chakula kitapoa kabla hajapita wa kwanza.

Mwishowe hakubaki mtu nyuma yake. Akajipangusa sketi, akasimama, akashika kapu lake. Wakati huohuo mwenyekiti akasema, "Asanteni. Tunamaliza upande wa wanaounga mkono. Sasa tunawaita wanaopinga."

Bi Arlys akabaki amesimama katikati ya njia.

Joleen anasema mama yake alimsimulia hivi: "Nilijiona kama mtu aliyeshuka kituo siyo chake, na treni imeondoka." Aliwaza habari aliyokuja nayo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Leland hakuijua yote. Alikuwa ameisafirisha saa nne nzima, na sasa angerudi nayo nyumbani kwa sababu ya adabu.

Mpinzani wa kwanza kwenye foleni alikuwa Merle Tiedtke. Zamu ilikuwa yake. Merle alimtazama, akaona uso wake, akaelewa. Akavua kofia. Akampisha kwenye kiti.

"Pita wewe kwanza, Bi Arlys," alisema.

Bi Arlys akaketi. Akataja jina lake herufi kwa herufi, kama kila asemaye pale anavyotakiwa. Mwenyekiti akauliza, "Mama, unapinga muswada huu?"

"Hapana, mheshimiwa. Ninauunga mkono."

"Lakini huu ni wakati wa wanaopinga."

"Najua, mheshimiwa. Nilikuwa nawapisha watu, nikachelewa."

Chumba kizima kikacheka, cheko la upole. Merle akasema kutoka nyuma, "Mheshimiwa mwenyekiti, zamu ni yangu na mimi nimempa. Mikate yake tumeshaila, hatuwezi kumrudisha nyumbani hivihivi." Mwenyekiti alikuwa na sukari ya mdalasini kwenye tai yake. Akatazama huku, akatazama kule, akawasha taa ya kijani.

Bi Arlys akaanza kusema, taratibu mno, neno moja moja. Maneno yake yaliandikwa, nami nimeyapata, nawasomea kama yalivyo.

"Nilikuwa na miaka saba. Prosek haikuwa na hospitali. Mama yangu alishikwa na uchungu siku ya theluji, na baba akatupakia kwenye lori, mimi nikiwa katikati yao kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Tukakwama. Baba akashuka na koleo. Mama akajifungua palepale kwenye kiti. Alikuwa mtoto wa kiume. Baba akamwita Emil. Nilivua sweta langu tukamfunika. Alikuwa anapumua, nilimwona. Mama akaniambia, Arlys, mshike mkono, usiuachie, mpaka tutakapofika, na mimi nika..."

Taa ikawa nyekundu. Bi Arlys akafunga mdomo.

"Malizia, mama," alisema mwenyekiti. "Tafadhali."

"Taa imekuwa nyekundu, mheshimiwa. Na kuna watu nyuma yangu."

Akasimama, akachukua kapu lake, akaenda kuketi. Hakucheka mtu safari hii.

Merle alizungumza baada yake. Aliupinga muswada kama alivyokuja kuupinga, kwa sauti ya chini, akieleza habari za mpaka na duka. Aliporudi kuketi, Bi Arlys alimsogezea mkate wa mwisho. "Umesema vizuri, mwanangu. Ulikaa wima."

Wakaanza safari ya kurudi. Walipokwisha kupita mji wa Kearney, Merle akazima redio.

"Bi Arlys. Mlifika?"

"Tulifika."

"Na Emil?"

"Emil hakufika."

Merle akawasha taa za gari. Wakapita mashamba meupe huku na huku. Kisha Bi Arlys akasema, "Mama aliniambia nisiuachie ule mkono, nami sikuuachia. Daktari ndiye aliyenifungua vidole. Akasema laiti angezaliwa ndani, penye joto, na mkunga karibu, angekuwa anapiga kelele saa ile."

"Kwa nini hukumaliza? Mwenyekiti alikuruhusu."

"Niliogopa nitalia. Na yule binti anayeandika angelazimika kuandika kwamba nimelia."

Merle amenieleza haya mwenyewe, jana, baada ya mazishi. Alisema, "Mama mtangazaji, nilikuwa nimeshapeleka hoja yangu Lincoln. Nilifika nayo nyumbani, lakini haikuwa na uzito uleule."

Muswada haukupita. Nawaambieni ukweli, wasikilizaji wapendwa, haukupita. Joleen anasema mama yake alisoma gazeti, akalikunja, akaanza kukanda unga.

Wiki ile ile mlango ukagongwa. Alikuwa Merle, na mfuko wa unga begani.

"Muswada umekufa," alisema, "na mimi ni mmoja wa walioupiga teke."

"Ingia ndani, unaingiza baridi."

"Sheria inaturuhusu wenyewe, watu wa wilaya, kupiga kura tujitoze kidogo kwenye kodi ya ardhi kwa ajili ya hospitali. Nina ekari zangu, nitalipa kama wengine. Lakini lazima tuzunguke nyumba kwa nyumba. Nimeleta unga. Tutahitaji mikate mingi."

Basi wakazunguka. Majira yote ya kuchipua mliwaona, ile pikapu ya kijani na lile kapu. Na kodi ya ardhi, ndugu zangu, huku kwetu si jambo la kulitaja kwa mkulima kabla hajanywa kahawa.

Dwayne Ostrander aliwakuta kwenye lango lake, mikono mfukoni. "Merle! Si wewe uliyekwenda Lincoln kupinga kodi?"

"Ni mimi."

"Na leo unaniletea kodi mlangoni?"

"Dwayne, jaribu kukaa saa nne kwenye gari na Bi Arlys, halafu uniambie."

"Alikufokea?"

"Laiti angenifokea."

Verna Schlake, mjane, alimwambia Bi Arlys waziwazi kwamba kodi hiyo itambana. Bi Arlys hakubishana. Alisema, "Kweli, Verna, itakubana. Siwezi kukuambia haitakubana." Verna alipiga kura ya hapana na akamwambia. Wiki hiyohiyo Bi Arlys alimpelekea mikate, akakaa naye jioni nzima wakicheza karata. Verna yuko hai, ananisikiliza sasa hivi. Verna, mpenzi, pole sana. Najua karata zenu ziko mezani bado.

Kura ilipita. Ilipita kwa tofauti ndogo, lakini ilipita. Chumba cha uzazi hakikufungwa. Nasema tena, maana ni jambo la kushukuru: chumba cha uzazi cha Prosek hakikufungwa, na leo kiko wazi.

Baada ya hapo, kila majira ya baridi, Bi Arlys alirudi Lincoln. Alisema kuhusu chakula cha shule, kuhusu mishahara ya walimu, kuhusu kodi ya ardhi pia, kwa sababu hakumsahau Verna. Mkidhani alijifunza kutangulia, mmekosea. Ilibidi Merle aketi kando yake, awe anaunga mkono au anapinga, ili mwenyekiti akiita amshike kiwiko amsimamishe. "Sasa, Bi Arlys. Sasa. Usimtazame mtu."

Nimesema Merle alizungumza nami jana. Alisema na jambo jingine, akageuza uso upande wa ukuta. "Mwaka wa mvua ya mawe, mama, muonjaji wa mchuzi nilikuwa mimi."

Sasa nimefika mwisho, na ni mwisho mwema.

Bi Arlys alilazwa hospitali yetu, chumba cha mwisho cha korido. Chumba cha uzazi kiko kwenye korido hiyohiyo, upande wa pili. Mnajua kwamba pale mtoto akizaliwa, wazazi hubonyeza kitufe, na kengele ndogo zikaimba hospitali nzima. Muuguzi alitaka kufunga mlango ili mgonjwa apumzike. Bi Arlys akamwomba auache wazi.

Jumanne alilala kutwa. Jumatano asubuhi alikuwa bado amefumba macho. Joleen alikuwa amemshika mkono. Ilipokaribia saa tano kengele zikaimba.

Muuguzi akachungulia. "Ni wa kike, Bi Arlys. Mzima kabisa, analia kama king'ora."

Joleen anasema mama yake alifumbua macho. Mkono wake mwingine, ule ulio huru, ukainuka kidogo juu ya blanketi na kusogea kando, kama anavyofanya mtu aliyesimama mlangoni.

"Pita, mwanangu," alisema. "Pita wewe kwanza."

Hakusema jingine. Saa sita alikuwa ameondoka.

Jana baada ya mazishi tulishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula. Maharage ya nyama na mikate ya mdalasini, ingekuwa nini kingine? Na mtu hakuja mezani. Tulisimama wote ukutani, sahani mkononi. Pita wewe. Hapana, wewe. Aa, wewe una wageni. Mchuzi ukaanza kuganda. Nyuma kabisa, karibu na makoti, alisimama kijana ambaye wengi hatukumtarajia, Colby Ruzek, baba wa mtoto aliyezaliwa Jumatano. Hakumjua Bi Arlys. Alisimuliwa na muuguzi, akaona si vyema asije.

Merle akapita katikati ya watu. "Bi Arlys angekuwa hapa, taa ingekwisha kuwa nyekundu!" Tukacheka huku tunafuta macho. Akamshika yule kijana kiwiko. "Wewe. Una mzazi nyumbani wa kupelekewa chakula. Sasa. Usimtazame mtu." Akampeleka mpaka mezani.

Kwa Joleen na ndugu zake, kwa wajukuu, kwa jamaa yote ya Vondra, kituo hiki na wilaya nzima tunawapa pole. Tunawashukuru kwa kutugawia mama yenu. Mungu ampumzishe.

Nasi tuliobaki, tufikiri kidogo. Mwezi ujao Lincoln wataanza tena kusikiliza wananchi, na kuna mambo ya shule na mambo ya kodi ya ardhi. Hatutakubaliana, na si lazima. Nendeni mkaseme, mnaounga mkono na mnaopinga, na kama gari ni moja pandeni pamoja. Na mkifika, angalieni nyuma ya chumba, karibu na mlango. Patakuwa na mtu anayewapisha wengine, naye ana neno. Mshikeni kiwiko.